Chapati ya Kwanza ni ya Ng'ombe

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba hakuna mtu Bujumbura aliyeweza kujua dini yangu kwa kunitazama tu. Wahindi wa mjini tulikuwa wa kila aina, na wengi walikuwa Waislamu. Walisali, walifunga, na mji mzima ulijua wanasali nini na wanafunga lini. Sisi wa taa za samli na picha za miungu ukutani tulikuwa wachache mno. Mimi nilivaa jinzi. Nilizungumza Kiswahili cha Buyenzi, kile cha "mi nakuambiaka", kwa sababu ndiko nilikochezea mpira nikiwa mdogo. Bia nilikunywa, tena nilikaa nje barabarani ili nionekane nikinywa. Nilijiona mtoto wa mji kabisa, mtu asiye na alama wala harufu.

Asiye na harufu! Loh. Mama yangu alipika kila kitu kwa mvuje, na anayeujua mvuje anajua hauombi ruhusa kuingia kwenye nguo. Jirani zetu Waislamu walikuwa na mvuje pia, ila wao waliutumia kufukuzia mashetani, kidogo tu, mtoto akilia usiku bila sababu. Sisi tulitia kwenye dengu. Juu ya hapo kila alfajiri Mama alifukiza udi mbele ya miungu yake, katika chumba kilekile alimotundika mashati yangu yaliyopigwa pasi. Kwa hiyo mimi, mtoto wa mji, nilikuwa natembea huku nanukia kama nyumba iliyotoka kupungwa jini, na mtu pekee ambaye hakuisikia harufu hiyo nilikuwa mimi.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kila aliponiona natokea, alitoa kitenge begani akafunika sinia lake. Nilidhani ananiona mwizi. Siku moja nikakasirika, nikamuuliza ana shida gani na mimi. Akanijibu kwa huruma, sauti ya chini, "Mi najua nyinyi roho yenu inaumiaka mukiona kitu yenye imekufa. Pita tu, mwanangu, nitafunua nyuma." Mama wa watu! Na mimi siku hiyo nilikuwa nimekuja kununua ndagala hizohizo, nikakaangiwe kwa rafiki, na ndimu na pilipili. Nikamshukuru, nikapita na njaa yangu. Mwanamke yule aliilinda dini yangu kuliko mimi mwenyewe.

Vita vilipoingia mjini mambo haya yakaacha kuwa mzaha, au niseme yakawa mzaha wa aina nyingine. Mji ulikatwa vipandevipande. Mitaa ambayo jana ulipita ukinunua karanga, leo ulipita ukipimwa kabila kwa pua. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walitazamwa urefu, wakatazamwa vidole, wakaulizwa wametoka mlima gani, na wengine hawakuendelea na safari. Mimi nilitazamwa mara moja tu. "Ah, huyu ni banyani," walisema, wakanipungia mkono nipite. Katika mji ambamo watu walikufa kwa kutambuliwa, mimi nilipona kwa kutambuliwa. Niliona aibu, na ningependa kusema aibu hiyo ilinizuia kupita, lakini sivyo. Nilipita haraka sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, yaani chapati.

Katika nyumba yetu chapati ya kwanza kutoka jikoni haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya ng'ombe. Mama aliipaka samli, akaweka kipande cha sukari guru katikati, akaikunja, na ikapelekwa nje. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake, na kwa bibi yake huko Gujarati. Kabla ya vita hilo halikuwa tatizo, maana mchungaji mmoja kutoka juu ya mtaa wa Kamenge alipitisha ng'ombe wake mtaani kwetu kila asubuhi akienda kuwalisha kandokando ya mitaro. Mama alitoka mlangoni, ng'ombe wa mbele alikuwa ameshazoea, ulimi nje, chapati ikaenda. Halafu Kamenge ikawaka moto. Watu walishuka na magodoro vichwani, na mchungaji wetu hakushuka nao. Tuliuliza. Hakuna aliyejua. Mama alisimama mlangoni na chapati yake asubuhi nyingi, na mimi nilipita kando yake nikaenda kufungua duka.

Nilitarajia desturi hiyo ife kifo cha kawaida, kama desturi nyingine nyingi zilizokufa miaka ile. Weee! Mama akaweka nadhiri. Asubuhi hakitaingia kitu kinywani mwake, si chai, si maji ya sukari, mpaka ng'ombe awe amekula kutoka mkononi mwetu. Na Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alisema: sindano, kisha chakula, bila kuchelewa, maana sindano bila chakula huua. Nadhiri ilisema: ng'ombe, kisha chakula. Sindano alichoma kwa sababu daktari alikuwa mtu mzuri na hakutaka kumvunja moyo. Chakula alikataa kwa sababu Mungu ni Mungu. Na kati ya sindano na ng'ombe nilikuwepo mimi, mtu mzima mwenye duka la vitambaa, juu ya baiskeli, kwa maana petroli ilikuwa ya kusikia tu.

Msinishauri kwamba ningemdanganya. Mama alinihoji kama hakimu. Alikuwa wa rangi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Alichukua kwa ulimi, au ulimrushia chini kama mbwa? Tena hakuniruhusu kwenda hovyohovyo. Ng'ombe hapelekewi chakula na mtu mchafu, alisema. Basi nilioga, nikavaa shati jeupe, nikapakwa mafuta kichwani, nikatiwa alama nyekundu kwenye paji la uso, na ndivyo nilivyotoka kuvuka mji wenye vita. Mtoto wa mji!

Bahati ilikuwa Kinindo, upande wa ziwa. Wenye majumba walikuwa wameondoka na ndege, wamewaachia walinzi funguo, na wachungaji waliokimbia milima walishusha ng'ombe wao huko. Ungeona ng'ombe wenye pembe ndefu wamesimama kwenye bustani za wakubwa, wanatafuna majani yaliyokuwa yakikatwa kwa mashine. Wachungaji wale walinisalimu "Amashyo!", yaani nakutakia makundi ya ng'ombe, mimi ambaye sikuwa na hata kuku. Hawakunicheka hata kidogo. Walipoelewa nimekuja kwa ajili gani, waliona ni jambo la kawaida kabisa, na mmoja alinishika mkono akanifundisha ng'ombe gani wa kumpa kwanza, maana nao wana heshima zao za mkubwa na mdogo.

Waliocheka walikuwa vizuizini. Mara ya kwanza mwanajeshi alifungua karatasi yangu taratibu, kidole kwenye bunduki, akidhani ni barua ya waasi. Akakuta chapati. Akainusa. Akaniuliza inakwenda kwa nani, nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mfuko wa mchanga. "Banyani mubaya, chapati yake dawa," alisema, na toka siku hiyo nilikuwa na jina pale. Nikitokea tu kwa mbali, walisogeza pipa: "Mupe njia, chakula cha ngombe kimefika!"

Hivyo tukaishi. Mpaka asubuhi moja milima ikaanza kunguruma mapema, mizinga juu, risasi chini, na nilipofika njia ya Kinindo nikakuta imefungwa. Mwanajeshi wa hapo hakuwa wa kucheka. Aliniambia nirudi. Nikamuuliza ng'ombe wako wapi, akanitazama kama mtu aliyepoteza akili, akasema wachungaji walihamishwa jana jioni, wamekwenda na wanyama wao, yeye hajui wapi. "Na we utahamishwa na risasi sasa hivi," akaongeza. Nikageuza baiskeli. Mama alikuwa ameshachoma sindano.

Ninapoogopa huwa nakuwa na hasira, na siku hiyo nilimkasirikia kila mtu: Mama, daktari, wanaopiga mizinga, na ng'ombe wa dunia nzima, kwamba wanapohitajika hawapo. Nikakanyaga pedali bila kujua naelekea wapi. Ndipo nikakumbuka Ngagara. Nilikuwa nimepeleka vitambaa huko, kwenye zile nyumba za zamani za watumishi wa serikali, nikasikia ng'ombe akilia nyuma ya ukuta mmoja. Nilidhani nimeota. Nani afuge ng'ombe Ngagara? Lakini mtu anayezama hachagui jani.

Ukuta niliupata, na lango likafunguliwa na mzee mmoja mrefu, mkavu, amevaa fulana yenye tundu, uso umekunjwa tayari kwa ugomvi. Baadaye nilijua alikuwa karani wa serikali aliyestaafu. Nyuma yake, kwenye ua mdogo wa saruji uliotakiwa kuwa wa kuanikia nguo, alisimama ng'ombe mmoja wa kahawia, pembe karibu ziguse kuta zote mbili.

"Unataka nini?"

"Muzee, samahani. Naomba nimupe ngombe wako chapati."

Alinitazama toka kiatu mpaka alama ya paji la uso. "We ni banyani," alisema. Hakuwa anauliza.

Na mimi, katika haraka yote ile, ubishi wangu wa zamani ukanipanda. "Umejuaje?"

"Nani mwingine atatoka asubuhi ya mizinga na chapati ya ngombe?"

Nikafungua karatasi. Akanizuia kwa mkono. Ng'ombe wake walikuwa wengi kule mlimani, alisema, amebaki huyu mmoja, na yeye halishi ng'ombe wake kitu kilichopikwa na mtu ambaye hajamwona kwa macho. Siku hizi watu wanawekeana sumu kwenye pombe, itakuwa chapati? Nikamwambia nitaonja mimi kwanza mbele yake. "Mwenye sumu anakunywaka dawa yake nyumbani," alijibu. "Apana."

Basi nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, sindano, nadhiri, Kinindo, daktari, na sauti yangu ikaanza kupanda kama ya mtoto. Mzee akanikata.

"Mama yako amekula nini toka asubuhi?"

"Hajakula kitu."

Akalipuka. "Mama mugonjwa anakaa na njaa sababu ya ngombe, na we unasimama hapa unabishana na mi?" Utadhani ni mimi niliyekataa! Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo nimefukuzwa. Akatoka amevaa koti jeusi la sherehe, kofia, na fimbo mkononi, kwa sababu, alisema, yeye haendi kwa mama wa watu amevaa kama mchungaji. Akafungua kamba ya ng'ombe, akanishikisha. "Twende. Atamulisha yeye mwenyewe, na mi nikiangalia. Na kamba utashika we. Shida ni yako."

Baiskeli nikaiacha uani kwake, tukatoka.

Hebu tazama ninachokuambia. Mzee wa koti na kofia na fimbo, anatembea kwa heshima. Mbele yake kijana, si kijana sana, shati jeupe, nywele zinang'aa mafuta, nyekundu usoni. Na mkononi mwa kijana, ng'ombe wa pembe ndefu. Mtu yeyote wa Burundi akiona hivyo anajua ni nini. Hahitaji kuuliza. Ni mahari inapelekwa.

Sikuelewa mpaka tulipofika bombani, ambako akina mama walikuwa wamepanga madumu yao. Mmoja alinyoosha kichwa, akatutazama, akaweka dumu chini, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Wengine wakadakia. "Hayawi hayawi, leo yamekuwa!" alisema mmoja aliyejifunga ushungi. "Banyani anaoa kwetu!"

"Apana, mama, si harusi," nikasema. "Ni kwa mama yangu."

"Musikie! Mama mukwe anamuitaka mama tayari!"

"Musichana ni wa wapi?"

"Ngombe moja tu? Ee, hawa watu kwa ubahili!"

Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sijaoa, na sababu haikuwa nadhiri wala vita. Sababu ni kwamba kila msichana niliyetafutiwa na Mama, kutoka Kampala mpaka Dar, alinikataa kwa picha. Na sasa nusu ya mji inanipongeza. Wanawake wakaacha madumu yao kwenye foleni, jambo ambalo mwaka ule hata risasi hazikuweza kuwafanya walifanye, wakatufuata nyuma wakiimba. Nikavuta kamba ili tuwaache. Ng'ombe akasimama kabisa.

"Ngombe haivutwaki," mzee akasema. "Inaombwaka."

"Muzee, mama yangu anakufa huko! Waambie hawa watu si harusi, watupishe!"

Akampapasa ng'ombe shingoni. "Ni lini ulisikia vigelegele mara ya mwisho?" akaniuliza. Sikukumbuka. "Basi waache. Wakiimba anatembea vizuri." Na kweli, ng'ombe alikuwa ameanza kutembea.

Kwenye kizuizi cha karibu na kwetu wakanitambua. Yule mwanajeshi wangu wa chapati alisimama juu ya mfuko wa mchanga, akatoa macho. "Ulikuwa unamulisha kumbe unamuchagua!" Nikaanza kueleza upya, mama, sindano, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka nikampigia kelele mtu mwenye bunduki, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote. Nilimwambia mama yangu hajala na anaweza kufa, na kama anataka kucheka acheke huku natembea. Akasogeza pipa mwenyewe, akaja nasi, bunduki begani, anawasogeza watu wa mbele kwa mikono. Wanawake wakapunguza nyimbo lakini hawakurudi. Nadhani waliona uso wangu.

Mama alikuwa kwenye kizingiti cha mlango. Jirani yetu, mjane Mwislamu aliyeishi ukuta kwa ukuta nasi, alikuwa amepiga magoti mbele yake na kikombe cha chai.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema alipoona pembe zinaingia langoni, na sauti yake ilikuwa ya kilio. "Wallahi nimemuomba, nimemubembeleza, nimemutukana. Sukari nimejaza nusu kikombe. Anafunga meno. Huyu mwanamke kichwa chake ni jiwe!"

Sari ya Mama ilikuwa imelowa jasho begani. Mikono yake ilitetemeka. Macho yake yalinitafuta, yakanipita, yakanirudia, kama vile nimesimama mbali sana. Niliogopa siku ile kuliko siku zote za vita, na naweza kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. Nikamtolea chapati kwenye karatasi, nikamwekea kiganjani, nikamshika mkono wake kwa chini kuutegemeza, na mzee akamleta ng'ombe mpaka pua yake ikawa juu ya mkono wa Mama.

Ng'ombe akainusa chapati. Akapumua kwa nguvu, samli ikatikisika. Akageuza kichwa.

Tukamrudisha. Akanusa tena, akageuza tena. Mzee akamsemesha Kirundi taratibu, maneno ya kumsifu, jina lake na jina la mama yake. Ng'ombe akasikiliza vizuri sana, halafu akanyoosha ulimi wake mrefu, akaupitisha kwenye shingo yangu, toka kola mpaka sikio, kwa sababu nilikuwa nimetoka jasho na ng'ombe anapenda chumvi. Watu wakacheka. Akanilamba mara nyingine. Huyu alikuwa ng'ombe wa milimani, hajawahi kuona chapati maishani mwake, na kati ya chakula kitakatifu na banyani mwenye jasho alimchagua banyani.

Kicheko hakikukaa. Kila mtu aliona mkono wa Mama umeanguka na chapati imeteleza mapajani. Jirani akamsogezea kikombe, Mama akafunga meno.

"Mama, ng'ombe amejaribiwa," nikamwambia kwa lugha yetu. "Tumemleta mpaka mlangoni. Mungu ameona. Kunywa." Akatikisa kichwa. Nikamwambia kwa ukali. Akatikisa kichwa.

Mzee akavua kofia. Akachuchumaa mbele ya Mama kwa shida, magoti yakalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ugomvi usoni. "Mama," akamuuliza kwa Kiswahili, "uliomba nini?"

Mimi sikuwahi kumuuliza. Nilijua mambo ya Mama na miungu yake: leo nadhiri ya mvua, kesho nadhiri ya jino. Nilidhani hii ilikuwa ya roho ya baba yangu, au ya duka. Sikuona kama kuna haja ya kujua.

Kiswahili cha Mama kilikuwa kile cha jikoni na sokoni, kifupi kifupi. Alinyoosha kidole, kikanipata. "Huyu," alisema. "Toka nyumbani, rudi. Kila siku rudi. Basi. Hiyo tu."

Wanawake wa bombani walikuwa wamejaa langoni, na mwanajeshi kati yao. Milima ilikuwa bado inanguruma, tukaisikia vizuri.

Mzee alikaa akimtazama. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile chapati mapajani mwa Mama, yeye aliyekataa mwanzoni imguse ng'ombe wake, akakata kipande, akakitia kinywani, akatafuna, akameza. Kilichobaki akakiweka kwenye kiganja cha Mama na kukifunga kwa vidole vyake.

"Mi wangu walitoka, hawakurudi," alisema. "Wako amerudi. Huyu hapa, amesimama. Deni haina tena. Kula, mama."

Mama akanitazama. Safari hii macho yake yalinipata. Nikainama ili anione vizuri, na shingo yangu yenye mate ya ng'ombe. Akafungua kinywa.